Atakuuliza nini asubuhi yake

Goma

Mwanangu,

Umeniuliza kama siku ya kumchinja yule kuku koo mweusi wa Bonane, sikukuu ya Mwaka Mpya, umpeleke mjukuu wangu kwa jirani au umwache aone. Ana miaka 4. Nitakujibu, lakini niambie kwanza: utamwambia nini kesho yake, akija na mahindi yake mkononi?

Maana hapo ndipo sisi tuliposhindwa. Ulipomkosa kuku wako kishungi, pale nyumba ya bandarini, tulikuambia amepanda boti kwenda kisiwa cha Idjwi. Kila jioni boti ikipiga honi unakimbilia mlangoni, umefumba punje kiganjani mpaka zinalowa jasho. Baba yako akasema utasahau. Hukusahau, uliacha tu kuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo kuliko kilio.

Mtoto asidanganywe kuhusu kuku. Wa umri huo hajajua kwamba aliyekufa harudi, kwa hiyo atauliza leo, na kesho atauliza tena. Si ubishi. Mjibu maneno yale yale: amekufa, hapumui, hasikii njaa wala baridi, hatarudi. Usiseme "amelala", ataogopa kulala.

Tena mimi ningeanzia kwenye yai, si kwenye kisu. Kwake yeye kila yai lina kifaranga, ndiyo maana anakataa la kukaanga. Yule koo mwingine akianza kuatamia (hatoki kiotani, anavimbisha manyoya, ananguruma ukimsogelea), mwekee mayai 10, yasiyopita wiki moja, yasiyooshwa. Usiku wa siku ya 7 zimeni taa, mtoto ashike tochi, wewe weka yai juu ya mwanga. Lenye uhai lina doa jeusi na mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lisilo na kitu linang'aa tupu. Litoe, lisije likaoza na kupasukia kiotani. Hapo ndipo umweleze kazi ya jogoo: kuku hutaga hata bila yeye, ila yai hilo halitoi kifaranga kamwe. Atakuwa ameona mwenyewe.

Siku ya 21 umchunge, maana atataka kusaidia. Kifaranga akishatoboa ganda anaweza kukaa karibu siku nzima hajatoka. Anapumzika, na kiini kinamalizikia kuingia tumboni mwake. Ukimmenyea mapema, mishipa ya utando bado ina damu, atavuja afe. Mtoto achuchumae mbali kidogo, asisogeze uso, koo mwenye vifaranga hudonoa. Baadaye anawe kwa sabuni, wala asiwabusu: kinyesi chao kina vijidudu vya kuhara.

Sasa kuchinja. Mimi ningemwacha aone unyonyoaji, maji ya moto na manyoya, kisu asikione. Lakini mbona watoto wa kijijini huona vyote na usiku wanalala vizuri? Ndiyo, ila wao hawajampa kuku jina, na wako amempa. Nyumba ni yako, mama, siamui, ingawa ulimi unaniwasha. Mtoto asidanganywe kuhusu kuku, basi. Akikataa nyama ile, mpe bugali na sombe, yaani majani ya muhogo, usimlazimishe.

Nipigie asubuhi yake, uniambie ameuliza nini.

Mama yako