Jibu: Bluetooth au waifai kwa amplifaya ya zamani?
Mkuu, umeuliza kwa nini muziki wa simu unakatika kwenye amplifaya yako ya zamani kila ukitoka sebuleni, na kama kununua kile kidude cha waifai, kinachochomekwa kwenye amplifaya na kupokea muziki kupitia mtandao, kutasaidia au ni kupoteza hela tu. Kitasaidia. Kwa Bluetooth simu yako ndo inabeba mzigo wote, inavuta wimbo kutoka intaneti, inaubana upya halafu inaurusha, sasa ukifika kama mita 10 au kukiwa na kuta mbili katikati basi imekula kwako, na ukipigiwa simu muziki nao unanyamaza. Kwa waifai, mfano Spotify Connect (njia ya app ya Spotify ya kupiga muziki kwenye kifaa kingine), kidude chenyewe ndo kinavuta wimbo kupitia ruta, simu inabaki rimoti tu, hata ukiizima wimbo unaendelea. AirPlay, ile njia ya Apple ya kurusha sauti kwa waifai, iko tofauti kidogo, pale mara nyingi sauti bado inapitia kwenye simu.

Ila kwenye kuchomeka kuwa makini maana mimi mwenyewe niliingia mkenge. Zile waya nyekundu na nyeupe za kutoka kwenye kidude weka kwenye tundu la amplifaya lililoandikwa AUX au CD, usiweke PHONO, hiyo ni ya santuri, inakuza sauti mara nyingi sana na besi inaizidisha, mi nilisikia spika zinakoroma nikajua zimekufa kumbe tundu tu 😂

Na kama kidude kina tundu la waya wa mtandao na ruta iko karibu, tumia waya, waifai ya nyumba yenye simu kumi nayo huwa inagoma.