Blanketi la viraka la mtoto: lishone ukifikiria beseni la kufulia

Blanketi la mtoto huburutwa sakafuni, humwagikiwa maziwa, hukojolewa, na kabla wiki haijaisha limerudi kwenye maji. Basi kila unachochagua, kuanzia kitambaa hadi pindo, kichague kwa kufikiria beseni la kufulia. Rangi ni raha ya kazi hii, lakini rangi nzuri juu ya mshono dhaifu haidumu.

Vipimo vya hapa ni sentimita 105 kwa 120, ukubwa unaomtosha mtoto wa mwaka mmoja hadi minne hivi. Aliye chini ya mwaka asifunikwe nalo akilala, maana linaweza kumfunika uso akashindwa kupumua. Mtandikie sakafuni acheze juu yake ukimwangalia. Vifungo, shanga na utepe visishonwe kabisa.

Tumia pamba tupu iliyofumwa, yenye uzito unaolingana. Ukiunganisha jinzi na popilini, popilini ndiyo itakayoraruka kwanza kando ya mshono. Kitambaa cha kuvutika nacho hupinda safu nzima. Mashati ya pamba ya zamani yanafaa sana, ila yainue kwenye mwanga kwanza: sehemu za viwiko na mabega zilizolegea nyuzi ziache.

Fua kila kitu kabla ya kukata. Pamba hurudi ikifuliwa, na vitambaa havirudi kwa kiasi kimoja, kwa hiyo usipofua mapema utapata makunyanzi baada ya kufua mara ya kwanza. Nyekundu na buluu iliyokoza zijaribu peke yake: lowesha kipande, kiweke juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto. Cheupe kikishika rangi, fua tena hadi ikome kutoka. Isipokoma, kitambaa hicho kitumie kwa kazi nyingine.

Unahitaji viraka 56 vya sentimita 16.5 kila upande. Vikishonwa kwa nafasi ya mshono (kitambaa kinachobaki kati ya uzi na ukingo) ya milimita 7.5, kila kimoja hubaki sentimita 15, na safu 8 za viraka 7 zinatoa ukubwa tuliotaja. Vitambaa 7 vinatosha. Kila kimoja kinatoa viraka 8 kutoka kwenye kipande cha sentimita 35 kwa 70. Hesabu hii ina faida nyingine: panga rangi zote 7 kwenye safu ya kwanza, kisha kila safu inayofuata isogeze rangi hatua moja. Utapata mistari ya mshazari, na rangi moja haitakaa ubavuni mwa yenyewe. Kabla ya kushona, vitandaze sakafuni upige picha kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ikionekana kijivu kitupu, huna tofauti ya kutosha kati ya rangi hafifu na zilizokoza, hata kama macho yanaona rangi nyingi.

Kata kwa kufuata uelekeo wa nyuzi. Kiraka kilichokatwa mshazari huvutika chini ya cherehani. Kigezo cha kadibodi huliwa pembe kadiri unavyokizungushia chaki, kwa hiyo tengeneza viwili au vitatu kabisa.

Mahali ambapo kazi huharibika zaidi ni kwenye upana wa mshono. Ukizidisha milimita 1 tu, kila mshono unakula milimita 2, na safu ya viraka 7 ina mishono 6: safu inapungua milimita 12, na haitakutana tena na jirani yake. Shona kwanza viraka 3 vya majaribio, uvipige pasi, upime cha katikati. Kisipokuwa sentimita 15 kamili, bandika utepe wa gundi kwenye bamba la cherehani uwe mpaka wako, ujaribu tena. Urefu wa pindi, yaani kila hatua ya sindano, uwe milimita 2 hadi 2.5, sindano namba 80.

Mishono ya safu ya kwanza ilaze kulia kwa pasi, ya pili kushoto, na kuendelea hivyo. Safu zikikutana, mishono itashikana yenyewe na pembe zitalingana. Bonyeza pasi uinue; ukiiburuta unavuta kitambaa.

Kitambaa cha nyuma na ujazo wa katikati viwe sentimita 115 kwa 130. Blanketi jepesi la zamani hufanya kazi vizuri kama ujazo, na hukauka upesi kuliko pamba nene. Kaza kitambaa cha nyuma sakafuni kwa utepe, uso ukitazama chini, tandaza ujazo, kisha viraka juu. Piga bandi (mishono mirefu ya muda ya kushikiza) kutoka katikati kwenda nje, kila sentimita 15. Usiiruke hatua hii kwa sababu ya uvivu wa kupiga magoti: mikunjo yote ya upande wa nyuma huanzia hapa.

Sasa shona matabaka matatu pamoja kwa sindano namba 90 na pindi za milimita 3. Pitisha mistari ya mshazari kutoka pembe hadi pembe ya viraka, ukianzia katikati. Itaachana kwa takriban sentimita 10.6, na ujazo hautakusanyika pembeni baada ya kufuliwa. Kitambaa cha juu kikisukumwa mbele ya mguu wa cherehani, punguza mgandamizo wake na uende polepole.

Punguza kingo. Kwa pindo, kata mikanda 5 ya upana wa sentimita 6 kutoka kwenye kitambaa cha upana wa sentimita 110. Mzunguko ni karibu mita 4.6, na kinachobaki ni cha maungio na pembe. Iunge mikanda kwa mshazari ili unene usijikusanye mahali pamoja, uikunje katikati, uishone kwenye ukingo wa blanketi uso kwa uso, usimame milimita 7.5 kabla ya kila pembe. Hapo inua mkanda juu, uurudishe chini, endelea. Ukishaugeuza nyuma, upigie cherehani. Pindo la mkono ni zuri zaidi, lakini mtoto hulivuta na kulitafuna.

Mabaki yafue pamoja na blanketi kila mara, ili siku kiraka kikichanika uwe na kitambaa kilichopauka sawasawa nalo.