"Gonga kushoto mara mbili"

Siku fundi wetu alipolazwa, gilotini ya kukatia karatasi ilikuwa nzima, umeme upo, stoo imejaa na oda ya kalenda inasubiri. Sisi tumesimama tunaitazama. Kila tukikata, ukingo unatoka umepinda. Siku ya tatu nikamfuata wodini na daftari. Akacheka: "Kabla ya kubana, gonga rundo upande wa kushoto mara mbili." Kumbe kibao cha nyuma kilikuwa kimelegea siku nyingi, naye mkono wake ulishazoea kukisahihisha.

Alipopona nikamwomba aandike mwongozo. Akaandika kurasa nne safi kabisa, na pale pa kugonga hapakutajwa! Mtu aliyebobea hajui hata nusu ya anayoyajua. Kwa hiyo usimwachie kalamu. Mpe kijana afanye kazi, fundi asimame pembeni akimsahihisha, na kijana ndiye aandike kila anapokosolewa. Daftari letu la namna hiyo limejaa grisi na linasomwa. Ule mwongozo bado uko kabatini.

Ila kizuizi kikubwa nilikuwa mimi. Hakuna kilichonunuliwa bila sahihi yangu, na habari mbaya zilinifikia mwisho. Mwaka 2000 moto wa kama dakika kumi ulichafua chipu za simu kwenye kiwanda cha Philips huko Albuquerque, Marekani. Watengenezaji wa simu Nokia na Ericsson wote walizitegemea. Nokia walishtuka mapema, wakapandisha taarifa juu na kusaka chipu kwingine. Ericsson taarifa ilikawia kufika kwa wakubwa, hasara ikawa mamia ya mamilioni ya dola. Moto ni ule ule.

Sasa anayesimamia stoo ananunua vipuri vidogo bila kuniuliza, hadi kiwango tulichokubaliana. Amekosea mara mbili, nikanyamaza, ingawa ulimi uliniwasha. Kila kazi ina mtu wa pili, na Ijumaa wanabadilishana nafasi. Siku hiyo kazi inakwenda polepole, sikatai.

Fundi alinuna mwanzoni akidhani tunamtafutia mbadala. Ana haki, maana kwingi ndivyo inavyokuwa. Tulimwongezea posho ya ualimu kabla ya kumkabidhi mwanafunzi. Ukianza na mwanafunzi, utafundishiwa nusu.

Juzi alikwenda likizo. Siku ya pili akapiga simu: "Mmegonga kushoto?"