Barua kwa Atupele: bibi yako na vidonge vya kuondoa uvimbe

Mwanangu Atupele,

Huku Tukuyu hatujambo. Mvua haijaamua kukatika na bibi yako anakula vizuri. Ujumbe wako nimeusoma, na umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli alichosema yule bwana wa koti jeupe kwenye video, kwamba ugonjwa wa kusahau wa bibi yako ni mcharuko, yaani kinga ya mwili kuwaka, ndani ya ubongo, na kwamba vidonge vya kuondoa uvimbe, diklofenaki, kila siku pamoja na unga wa manjano vitamrudisha alivyokuwa. La pili umeliandika chini kabisa, kama vile halina uzito: je, na wewe utaupata? Nakujibu yote, ila la kwanza litakula karatasi zaidi, maana yule bwana kasema nusu ya ukweli, na katika miaka yangu ya uuguzi nusu ya ukweli imenipa kazi kuliko uongo mtupu.

Nusu aliyoipatia ni hii. Shuleni mlifundishwa kwamba ubongo ni nyuroni, zile seli za kupeleka taarifa. Tunazo kama bilioni 86. Lakini pembeni yake zipo seli nyingine zinazokaribia idadi hiyohiyo, na nyingi ni za kundi liitwalo glia. Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani wa karne ya 19, alidhani ni gundi tu ya kuzishikilia nyuroni. Kumbe astrosaiti huzilisha nyuroni na kuondoa kemikali zinazobaki taarifa ikishapita, na oligodendrosaiti huzungushia nyuzi zake mafuta ili taarifa iende haraka. Hizo nazipita. Zinazohusu swali lako hasa ni maikroglia, ambazo Mhispania Pío del Río-Hortega alizieleza mwaka 1919.

Maikroglia ni kinga ya mwili iliyohamia ubongoni mtoto akiwa bado tumboni. Mwaka 2005 watafiti walizitazama ndani ya ubongo wa panya aliye hai, wakakuta hazitulii: zinanyoosha mikono, zinapapasa huku na huku, zinairudisha. Seli ikifa, zinaila. Mtoto anapokua, zinakata maungio ya nyuroni yasiyo na kazi. Sasa fikiria palizi. Mpalizi mwenye nguvu anajua lipi gugu na upi mche wa mahindi. Mwache shambani bila kupumzika, magugu yaote kila anapogeuka, na jioni jembe lake litakata chochote kilicho mbele yake.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, huu wa kusahau, gugu hilo ni protini iitwayo amiloidi. Hujikusanya nje ya nyuroni miaka 15 au 20 kabla mtu hajaanza kusahau majina, na baadaye protini nyingine, tau, huvurugika ndani ya nyuroni zenyewe. Maikroglia huyazingira mabonge ya amiloidi na kumwaga kemikali za mcharuko. Ukijikata kidole, mcharuko ndio ule wekundu, joto, kuvimba na maumivu, na kidonda kikipona unaondoka. Ubongoni huuoni, hauumi, na kinachouchochea hakiondoki. Mwaka 2016 ilionekana kwa panya kwamba maikroglia hula maungio ya nyuroni mapema kabisa, mabonge yenyewe hayajajaa. Mwaka uliofuata kundi la Ben Barres wa Chuo Kikuu cha Stanford likaonyesha kwamba kemikali tatu kutoka kwenye maikroglia zinatosha kuzibadili astrosaiti: zinaacha kulea nyuroni na zinaanza kutoa sumu ya kuziua.

Kwa hiyo mcharuko upo. Tena hili la vidonge halikuzuliwa na yule bwana. Patrick na Edith McGeer, mtu na mkewe, walikuwa watafiti Vancouver, Kanada. Mwaka 1988 wao na wenzao walieleza maikroglia zilizochachamaa katika ubongo wa waliokufa na Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka) na Alzheimer, kisha wakaona kwamba watu wenye baridi yabisi, ambao humeza dawa za kutuliza mcharuko miaka na miaka, ni kama hawapati Alzheimer sana. Ungekuwa wewe usingetamani kujaribu? Watafiti wakajaribu. Marekani, kuanzia mwaka 2001, wazee zaidi ya 2,500 waliokuwa na ndugu mwenye ugonjwa huo waligawanywa: wengine naproksen, wengine selekoksibu, zote za kutuliza mcharuko kama diklofenaki, wengine kidonge kisicho na dawa. Desemba 2004 dawa zikasimamishwa kwa hofu ya madhara ya moyo. Walioendelea kufuatiliwa hawakuonyesha kwamba zimewakinga. Majaribio kwa watu waliokwisha kuugua nayo hayakuleta nafuu. Video haikusema hayo, na ndiyo sababu siipendi.

Kwa nini zishindwe, kama mcharuko ni kweli? Jibu lililonishawishi mimi lilitoka mwaka 2013. Iliripotiwa kwamba watu wenye kasoro fulani katika jeni iitwayo TREM2 wana hatari ya Alzheimer karibu mara tatu ya wengine, na jeni hiyo hufanya kazi kwenye maikroglia. Ajabu yake ni kwamba kasoro hiyo haizifanyi ziwe kali. Inazifanya ziwe legevu, zishindwe kuyazingira mabonge inavyotakiwa. Basi, mwanangu, ukizizima unamwondoa hata yule aliyekuwa anafanya palizi vizuri. Na usidhani kuziamsha ndiyo dawa: ilitengenezwa ya kuichochea TREM2, ikajaribiwa kwa wagonjwa wa hatua za mwanzo, na matokeo ya mwaka 2024 yakaonyesha haikupunguza kasi ya ugonjwa. Suala linaonekana kuwa ni lini, kiasi gani, na katika hatua ipi. Kidonge cha duka la dawa hakijui hayo.

Kutuliza mcharuko wa ubongo si kosa wakati wote, usije ukanielewa vibaya. Nilipokuwa kazini upande wa Mbozi, kwenye ufugaji wa nguruwe, tuliwapokea watu wazima walioanza kifafa ghafla kwa sababu ya tegu wa nguruwe, mnyoo ambaye vijitoto vyake hukaa ubongoni ndani ya malengelenge. (Malengelenge ya ubongoni huyapati kwa kula kitimoto, unayapata kwa kumeza mayai ya tegu kutoka kwenye kinyesi cha mtu, ndiyo maana nilikuwa mkali juu ya choo na kunawa mikono.) Lengelenge likiwa hai linaweza kukaa kimya miaka. Linapokufa kinga inaligundua, mcharuko unawaka na degedege linaanza. Hapo daktari huambatanisha dawa ya tegu na steroidi, dawa kali ya kutuliza mcharuko, kwa muda maalumu, kwa adui anayejulikana. Ya bibi yako si hali hiyo.

Na bibi yako ana presha. Diklofenaki kila siku kwa mtu wa umri wake hupandisha presha hiyo, huchosha figo, huweza kutoboa tumbo likatoa damu bila yeye kuweza kueleza kinachomuuma. Kwa hiyo hapana, usitume. Manjano tunayaweka kwenye mboga na tutaendelea, ila ile kemikali yake inayosifiwa huingia kwenye damu kidogo mno.

Mcharuko tunaoweza kuuzuia sisi ni wa nje ya ubongo. Unakumbuka msimu wa baridi ulipopiga simu, bibi akawa anaongea na marehemu babu yako na kutufukuza chumbani? Jirani mmoja alikwisha kuamua kwamba amerogwa, mwingine akaanza kunong'ona kwamba mchawi ni yeye mwenyewe. Tulipima mkojo, ilikuwa UTI. Alitibiwa, akatulia baada ya siku kadhaa, ingawa hakurudi kote alikokuwa. Maikroglia za ubongo unaougua huwa zimekwisha kuchokozwa. Habari ya maambukizi ikifika kutoka kwenye kibofu au mapafu, zinajibu kwa ukali uliopitiliza. Watafiti wa Uingereza waliowafuatilia wagonjwa wa Alzheimer kwa miezi 6 waliripoti mwaka 2009 kwamba waliopata maambukizi au majeraha walishuka kumbukumbu kwa kasi mara mbili ya wenzao. Ndiyo maana sasa nahesabu vikombe vyake vya maji, naangalia meno na vidonda vya miguu, na akibadilika ghafla siku moja sisemi "ugonjwa umeendelea", nampeleka kupimwa. Jikoni kwenye moshi wa kuni hakai tena. Kanuna, lakini kiti chake kimehamia barazani.

Ile pesa ya vidonge ichangie vipimo vya masikio, kwa sababu hasikii vizuri, na asiyesikia hujitenga. Wataalamu waliokusanywa na jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 walitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ambayo kwa pamoja yanahusishwa na karibu asilimia 45 ya dimensia, yaani magonjwa ya kusahau kama Alzheimer, duniani. Usikivu hafifu umo, pamoja na presha, kisukari, sigara, pombe nyingi, hewa chafu na upweke.

Sasa swali lako la chini. Bibi alianza kusahau akiwa amevuka miaka 75, na ugonjwa unaoanza uzeeni hivyo kwa kawaida hauendi moja kwa moja kutoka kwa mzazi hadi mtoto. Zipo jeni zinazoongeza hatari, kubwa ikiwa APOE4, ambayo astrosaiti ndizo huitumia zaidi ubongoni. Nayo kwa watu wenye asili ya Afrika imeonekana kuwa na nguvu ndogo kuliko kwa Wazungu. Kuwa nayo si hukumu, na kuikosa si kinga. Sikushauri ukapime jeni. Kapime presha, maana hiyo mimi ninayo, bibi anayo, na wewe una miaka 34 na hujawahi kunitajia namba zako hata mara moja. Nitumie zote mbili, ya juu na ya chini, kabla mwezi huu haujaisha.

Mama yako