Maswali ya Wasomaji: Nipindue Udongo au Niuache?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima mahindi na maharage kwa plau ya kukokotwa na ng'ombe, kama alivyofanya baba yangu. Nasoma kwamba wakulima wa Brazili na Argentina wameacha kabisa kulima kabla ya kupanda, ilhali wengi wa Ulaya ya Kaskazini bado wanapindua udongo kwa plau kubwa za trekta. Wote wanavuna vizuri. Msimu uliopita niliacha kulima kipande kimoja ili nijaribu, lakini magugu yakanishinda na mahindi yakadumaa. Nimfuate nani?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kipande hicho. Kabla ya kuuliza nani umfuate, uliza kila mmoja wao alikuwa anapambana na nini, kwa sababu hakuna zana ya kulimia iliyobuniwa kwa ajili ya udongo wote wa dunia.

Plau yenye bapa lililopinda, ile inayokata tabaka la juu na kuligeuza chini juu, iliwafaa sana watu wa Ulaya ya Kaskazini, ambako udongo ni mzito, mvua ni nyingi na jua ni hafifu. Kwao shida ya kwanza mwanzoni mwa msimu ni udongo uliolowa na kupoa kiasi kwamba mbegu haioti. Kuupindua kunaufanya ukauke na kupata joto upesi, kunafukia magugu, na mabonge yanayoachwa shambani huvunjwavunjwa na baridi kali ya kipupwe. Mkulima wa huko analima ili aondoe maji, na wewe, kama mvua zako ni za kubahatisha, unataka kuyahifadhi.

Wamarekani walilijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1837 John Deere, mhunzi wa Illinois, alitengeneza plau ya chuma cha pua iliyoteleza ndani ya udongo wenye kunata wa mbuga za majani, na plau za aina hiyo zikafungua ardhi kubwa mno. Baadaye kilimo kikasogea hadi kwenye nyanda kavu zaidi upande wa magharibi, majani yaliyoushika udongo yakapinduliwa, na ukame wa miaka ya 1930 ulipofika, upepo ukaubeba udongo huo ukiwa vumbi. Serikali yao ilianzisha idara ya kuhifadhi udongo mwaka 1935, chini ya Hugh Bennett. Plau haikuwa imeharibika, ila ilikuwa imepelekwa chini ya anga nyingine.

Sasa tuje Brazili, kwa kuwa ndiko ulikojaribu kujifunza. Katika jimbo la Paraná adui alikuwa mvua kubwa iliyoangukia ardhi iliyolimwa ikiwa tupu na kuisomba. Mkulima Herbert Bartz wa Rolândia alisafiri hadi Kentucky, Marekani, kumtembelea Harry Young, aliyekuwa akipanda bila kulima tangu 1962, kisha akaanza kufanya hivyo shambani mwake mwaka 1972. Lakini angalia alichorudi nacho. Alileta mashine ya kupandia inayopasua mabaki ya mazao na kuingiza mbegu katika mfereji mwembamba, na alikuwa na dawa za kuua magugu zilizochukua kazi ambayo zamani ilifanywa na plau. Wenzake waliofuata wakajifunza pia kuacha mabaki yote juu ya ardhi na kupanda mazao ya kufunika udongo kati ya msimu na msimu. Kwa hiyo wanaosemekana kuwa wameacha kulima wameihamishia kazi ya plau mahali pengine, na hata wao wanalipa gharama yake, kwani Argentina, Brazili na Marekani leo zina magugu sugu yasiyokufa kwa dawa zile zile za kila mwaka.

Naamini hapo ndipo kipande chako kilipokwama: uliondoa plau bila kuweka kitu cha kushika nafasi yake. Kama mabaki yaliliwa na mifugo au yalichomwa, udongo ulibaki wazi, nao magugu huupenda. Palizi inayotakiwa katika misimu ya kwanza ni kubwa kuliko uliyoizoea, na mtu asiyekuwa na mikono ya kutosha ni afadhali aanze na eneo dogo sana.

Kuna njia ya katikati ambayo ningekushauri uitazame kwanza. Udongo ukiwa na unyevu, chimba shimo hadi magotini na uangalie mizizi. Ikiwa inashuka kidogo kisha inapinda kwenda kando, plau yako, kwa kupita kina kile kile kila mwaka, imejenga tabaka gumu. Ripa, zana yenye jino la kuchana udongo, hulivunja tabaka hilo kwa kuchana mstari wa kupandia tu, na nafasi kati ya mistari inabaki bila kuguswa. Zambia wanayo ripa ya Magoye, inayofungwa kwenye boriti ya plau ya ng'ombe ya kawaida, kwa hiyo ng'ombe na nira ni wale wale. Hata jembe la kale la Ethiopia la kukokotwa na ng'ombe, maresha, huchana udongo bila kuupindua, ingawa mkulima wa teff, nafaka ya huko, hupita mara kadhaa, akikatiza mistari ya awali, kwa sababu mbegu ya teff ni ndogo mno na inahitaji udongo laini.

SWALI: Udongo wangu ni wa kichanga. Napitisha haro, zana ya kuvunja mabonge baada ya kulima, mara tatu ili uwe laini kama unga, lakini mvua ya kwanza ikinyesha unagandamana juu na miche haitokezi. Nakosea wapi tena?

JIBU: Ni ule ulaini wenyewe. Matone ya mvua hutawanya chembe hizo, zikaziba matundu ya juu, na jua likitoka panafanyika ukoko. Punguza haro, acha vibonge vidogo, na utandaze majani makavu. Katika ukanda wa Saheli, ambako ukoko wa aina hiyo umeyafanya mashamba kuwa magumu kama sakafu, mkulima Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso aliboresha mashimo ya jadi ya kupandia yaitwayo zaï: alichimba wakati wa kiangazi, akatia samadi, na mchwa waliofuata samadi hiyo wakatoboa njia za maji kuingia chini. Alitumia jembe la mkono. Kwa eneo dogo lililokwisha kuganda, ningeanza na mashimo hayo kabla ya kukodi haro tena.