Bakuli, kamera na kinasa sauti: kwa mnaoanza

Wadogo zangu, juzi tena nimeona bakuli zuri limepigwa picha, likawekewa muziki wa koto, kinanda cha nyuzi cha Kijapani, uliopakuliwa mtandaoni, chini yake pameandikwa "wabi-sabi", yaani uzuri wa Kijapani wa kitu cha kawaida chenye kasoro. Hebu tuelewane, nyinyi mnaoanza ufinyanzi, jinsi ya kupiga picha na kurekodi sauti ya bakuli.

1. Bakuli lililopinda kwa sababu udongo haukukaa katikati ya gurudumu, lirudisheni kwenye ndoo. Chōjirō, mfinyanzi aliyemfinyangia bingwa wa chai Sen no Rikyū mabakuli ya chai huko Kyoto karne ya 16, hakutumia gurudumu. Alifinyanga kwa mikono, kisha akachonga. Umbo lile alilitaka.

2. Mwanga wa dirisha moja, wa ubavuni. Flashi izimeni. Pigeni picha na kitako. Wageni wa chai hulipindua bakuli wakitazame, nyinyi mnakificha kwa nini?

3. Sauti itoke kwenye bakuli lenyewe. Glezi, ile ngozi ya kioo juu ya bakuli, ikisinyaa zaidi kuliko udongo wakati wa kupoa, hufanya vijufa vyembamba, na kila kimoja hulia ting. Vijufa hivyo Wajapani huviita kannyu. Hapa ndipo nilipoumia. Niliitaka milio ya mwanzo, ile inayofuatana upesi, nikafungua tanuri likiwa bado juu ya nyuzi 250 za Selsiasi. Nilijua vizuri kwamba kristobaliti, aina ya silika iliyomo kwenye udongo uliochomwa, husinyaa ghafla karibu na nyuzi 226. Nikajiambia ni dakika chache tu. Upepo ukaingia, na nilichosikia kwenye hedifoni hakikuwa ting. Ilikuwa ko, kisha ko nyingine, nzito: mabakuli ya rafu ya mbele yanapasuka toka mdomo hadi kitako. Baadhi yake yalikuwa ya mwenzangu, aliyeniamini nimchomee kwa ajili ya maonyesho yake. Nilikaa na simu mkononi hadi usiku ndipo nikaweza kumwambia. Rekodi ninayo, sitaitumia kamwe. Jamani, subirini lishuke chini ya nyuzi 100. Glezi yenye kannyu huendelea kulia hata siku kadhaa nje ya tanuri.

4. Zimeni friji na feni. Rekodini pia chumba kikiwa kitupu, na sauti hiyo muiweke kati ya mlio na mlio. Ukimya mtupu wa kompyuta, usio na sauti yoyote, hushtua sikio.

5. Kabla ya kununua maikrofoni nyingine, jifunzeni suikinkutsu ya bustani za Kijapani: mtungi uliofukiwa kichwa chini, kitako kimetobolewa, matone yanadondokea maji yaliyo ndani na mtungi unavuma. Jaribuni kwa mtungi uliokosa mnunuzi. Maikrofoni ikae juu ya tundu, isiingizwe ndani, unyevu utaiua.