Rudi Palepale: Niliyojifunza Mezani Istanbul Nikiwa na Miaka 68

Siku ya kwanza Istanbul nilikula vibaya na nikalipa sana. Nilikuwa nazurura karibu na Sultanahmet, kwenye watalii wengi, njaa imenishika. Kijana mmoja mlangoni akaniita kwa Kiingereza kitamu, nikaingia. Visahani vikaanza kuja: zeituni, jibini, bilinganya ya kupondwa. Mtu wa Tanga mimi, nikadhani nakirimiwa, nikala kwa adabu zote. Bili ilipokuja, kila kisahani kilikuwa na bei yake.

Binti yangu anayesoma huko alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, pale wenyewe hawali."

Kesho yake akanipeleka kando ya msikiti wa Süleymaniye, ule alioujenga Mimar Sinan kwa ajili ya Sultani Suleiman katika miaka ya 1550. Mkabala na msikiti kuna safu ya vimigahawa vinavyouza, wazee wenzangu, wali maharage. Sijapanda ndege kwenda kula wali maharage, nikajisemea. Yakaja maharage meupe makubwa, rojo lake jekundu la nyanya na siagi, wali pembeni, kitunguu kibichi na achari. Nazi hakuna. Lakini kijiko cha pili kilinirudisha bweni, isipokuwa bweni hatukuwahi kuona siagi.

Sasa ushauri wangu. Vijana husafiri wakihesabu: leo hapa, kesho pale, picha, twende. Sisi magoti hayaruhusu, na Istanbul ni vilima na ngazi. Mimi nilichagua mgahawa mmoja nikawa narudi palepale kila mchana.

Siku ya pili nilionyesha kwa kidole. Siku ya tatu sikuagiza chochote: mzee anayepakua aliniona mlangoni, akanyanyua upawa juu, nami nikaitikia kwa kichwa. Baada ya chakula ikaja chai ambayo sikuiomba, kwenye kile kigilasi chao chenye kiuno chembamba, na vidonge viwili vya sukari kwenye kisosi. Nina kisukari, kwa hiyo nikavirudisha. Siku ya nne chai ikaja na kisosi kitupu. Hatukuwa na neno hata moja la lugha tunayoelewana, ila alishajua ugonjwa wangu.

Kwa mahali pengine mjini, tafuta migahawa ya watu wa kazi, wenyewe huiita lokanta. Chakula kiko nyuma ya kioo, kinafuka, unakiona kabla hujakilipia. Nenda saa sita au saa saba, kabla sufuria hazijaanza kukauka. Ukiwa mwoga wa tumbo, anza na supu ya adesi, unakamulia limau na kula na mkate. Mpenzi wa supu ya utumbo naye hatapotea. Wanayo, na wanaitia kitunguu saumu na siki. Wenzetu wengi huinywa usiku wa manane badala ya asubuhi, hilo waulizwe wao. Ayran, kinywaji chao cha mtindi, naiheshimu tu. Nilipokea nikidhani ni mtindi wa sukari, kumbe una chumvi, na uso wangu ulisema yote.

Dawa zako ziweke kwenye mkoba wa mkononi, usizitie kwenye begi kubwa. Hilo halina maelezo.

Alasiri nilikuwa nachukua pantoni ya Eminönü kwenda Kadıköy, kama dakika 20 hivi, unatoka Ulaya unashukia Asia. Ndani wanauza chai na simit, mkate wa duara uliojaa ufuta, ambao nusu yake abiria huwarushia shakwe. Mtu wa Kigamboni angejisikia nyumbani, pungufu ya msukumano. Ng'ambo ile ndiko binti alikonitambulisha kwa mwanafunzi mwenzake, kijana wa Kituruki. Yule kijana akainama, akashika mkono wangu, akaubusu, kisha akauweka kwenye paji la uso wake. Mimi, bila kufikiri, nikasema, "Marahaba." Binti akaangalia baharini, kicheko kimembana.

Hili la kuheshimu umri si la Istanbul peke yake. Muscat, ambako ndugu zetu wengi bado wanasema Kiswahili, niliwahi kukaa barazani nikanyweshwa kahawa ya iliki na halua hadi moyo unadunda, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba ukitosheka unatikisa kikombe. Mtoto aliyeshika birika alikuwa ananiheshimu tu, anamimina. Kwa hiyo popote uendapo, kabla hujajifunza "asante" ya watu, jifunze wanavyosema "nimeshiba".

Siku ya kuondoka nilipita Süleymaniye na begi langu. Nikamwonyesha yule mzee ndege kwa kiganja, inapaa. Alikataa hela ya chai. Akatoa chupa ya kolonya, manukato yao ya limau, akanimiminia viganjani, nami nikajipaka mpaka kisogoni kama niko kwenye maulidi. Mgahawa mzima ukageuka kunitazama.

Kwenye ndege jirani yangu aliniuliza nimejipaka nini.